Mafumbo ya gemu: maswali zenye mnatuulizaka kila siku, na majibu yake

Watu wengi wananiandikiaka juu ya kutengeneza gemu za mafumbo, wengi wako hapa Goma, wengine Bukavu, kuko hata wa Lubumbashi, na maswali ziko zinarudi zilezile, basi nimeziweka hapa pamoja ili mtu asome bila kungoja nimjibu. Sitaongea juu ya gemu za kupigana wala za mpira, hapa ni mafumbo tu. Mifano mingi nitaichukua ku gemu yetu ya chukudu (ile kama baiskeli ya mbao ya kusukuma na kubebea mizigo) yenye tuko tunatengeneza, juu hiyo naijua ndani na nje.

Fumbo ni nini? Nivo yenye iko nguvu sana si njo fumbo?

Hapana. Nivo (sehemu moja ya gemu) ya kuruka juu ya moto yenye inataka vidole vya haraka ni mazoezi, ukirudia mara mingi mwisho mkono utazoea. Fumbo ni pale mchezaji ana kila kitu mbele ya macho, kanuni anazijua zote, na bado haoni njia, juu kuko kitu kimoja anakiwaza vibaya. Siku anakiona, mikono inamaliza kazi kwa sekunde kidogo tu.

Angalia Sokoban. Hiroyuki Imabayashi aliitengeneza kule Japani mwaka 1981, mwaka uliofuata kampuni yake Thinking Rabbit ikaanza kuiuza. Kanuni yake: unasukuma sanduku, huwezi kulivuta, na huwezi kusukuma mawili kwa mara moja. Basi, imeisha. Na mpaka leo, zaidi ya miaka 40, watu wako bado wanatunga nivo mpya kutoka kanuni hiyo moja. Kwa hiyo mtu akiniambia gemu yake iko na kanuni kumi na tano namwambia punguza, anza na mbili, uone zinakupeleka wapi.

Yaya, naanzia wapi? Hadithi, picha ao kanuni?

Kanuni. Hadithi na picha zitakuja, na ukianza na picha utapenda picha yako mpaka utakataa kubadilisha nivo yenye haifanye kazi.

Nieleze ya kwetu vizuri, juu hapa njo kazi yenyewe iko. Kila mtu wa Goma anajua chukudu: ikiwa tupu unaisimamisha popote, ikibeba makala ao viazi na barabara inateremka, ni shida kuisimamisha. Tukageuza hiyo kuwa kanuni. Nivo ni karye karye kama kaye ya hesabu. Chukudu tupu inaenda karye moja moja. Chukudu yenye imebeba mfuko inateleza moja kwa moja mpaka igonge jiwe ao ukuta. Na ukishusha mfuko, huo mfuko unabaki kwenye karye ya nyuma yako.

Sasa chukua njia moja ya karye saba, depo, pahali pa kufikisha mfuko, iko ya tano, baada ya saba kuko ukuta. Ukija na mfuko unateleza, unapita depo, unagonga ukuta ku karye ya saba. Unarudi, unajaribu tena, unapita tena. Watu wanatafuta jiwe la kuwasimamisha na jiwe halipo. Jibu: mfuko wa kwanza usiupeleke depo, uache uteleze mpaka mwisho, shusha pale, mfuko unabaki ku karye ya sita, wewe unatokea kwa juu, unaenda kuchukua mfuko wa pili, ukiteleza unagonga ule wa kwanza na unasimama ku tano, depo kabisa. Mfuko ulikuwa mzigo, kumbe unaweza kuwa ukuta.

Ile "kumbe" njo unatafuta. Kabla ya kuchora nivo, andika kwa mstari mmoja mchezaji atagundua nini. Ukishindwa kuandika huo mstari hauko na fumbo, uko na mawe tu yenye yametawanyika, na mchezaji atazunguka ndani yake mpaka achoke.

Lakini atajuaje kama mfuko unaweza kumsimamisha? Niandike maelezo ku ekra?

Usiandike. Watu hawasomake, na hata wangesoma, utaandika kwa lugha gani? Mu mtaa mmoja wa hapa kuko mwenye anasoma Kifaransa vizuri, mwenye anasoma Kiswahili, mwenye Kinyarwanda, na mtoto mwenye bado hajaanza kusoma lakini anacheza kupita sisi wote.

Tengeneza nivo ndogo yenye kanuni inajionyesha yenyewe. Kwetu, nivo mbili kabla ya ile ya depo, kuko njia nyembamba yenye ukishusha mfuko vibaya unajifungia njia yako mwenyewe. Mchezaji anaudhika kidogo, anarudi nyuma, anapita. Hajui kama amefundishwa. Alafu akifika ku depo, kile kilimuudhi njo kitamsaidia. Napenda sana hii mbinu na naona haitumiwi ya kutosha: fundisha kitu kama kizuizi, alafu kirudishe kama jibu.

Kuko gemu zenye maneno yenyewe ni kanuni, kama Baba Is You ya Arvi Teikari wa Finland, yenye ilianza mu mashindano ya Nordic Game Jam mwaka 2017 na ikatoka kamili mwaka 2019. Pale unasukuma maneno na sheria za nivo zinabadilika. Ile ni jambo lingine, maneno ni vifaa vya kuchezea, hayako pale kumweleza mtu kitu.

Sina mashini, niko na telefone tu. Naweza?

Unaweza kuanza leo, na telefone haihitajiki. Chukua kaye ya karye, biki, na vifuniko vya chupa. Kifuniko kimoja ni chukudu, vingine ni mifuko, mawe chora na biki. Mtu anasogeza, wewe unafanya kazi ya mashini: "hapa unateleza mpaka kule." Wazee wanacheza dame na vifuniko hivyohivyo kila jioni na hakuna mtu anawaambia ile si gemu ya kweli. Nivo zetu karibu zote zilizaliwa ku karatasi, na zile mbaya zilikufa ku karatasi kabla ya kutukulia kuranti na mega.

Ukipata mashini hata kwa saa moja mu saiba, kuko PuzzleScript ya Stephen Lavelle, ya kutengenezea gemu za mafumbo, iko bure tangu 2013, inafunguka ndani ya nafigateri, hauinstali kitu, na gemu nzima ni ukurasa mmoja wa maandishi. Kwa mafumbo ya karye haina mwenzake. Baadaye Godot, injini ya kutengenezea gemu za kila namna: bure kabisa, haikuombi asilimia hata gemu ikiuza, na kuipakua ni chini ya mega 200, wakati zile injini kubwa zinataka giga nyingi. Kwa mtu wa hapa mwenye ananunua mega kidogo kidogo tofauti hiyo ni kubwa sana. Na hifadhi kazi yako kila dakika, umeme hautoagaki mtu hodi.

Nitajuaje kama fumbo yangu ni nguvu sana ao rahisi sana?

Wewe peke yako hautajua. Ulishaona jibu, na mtu mwenye ameona jibu hawezi kulisahau kwa kujilazimisha. Wengi wanaongezaka nguvu ya fumbo sababu wao wameizoea, kila siku wanaongeza jiwe moja, mwisho hakuna mtu anapita.

Tena "nguvu" haiko kitu kimoja. Mtu akikwama anaweza kuwa amekwama kwa sababu tatu tofauti kabisa. Moja, haoni kitu: hajaona kama ile alama ni depo, ao butoni imejificha chini ya kidole chake. Hapo fumbo haijaanza hata, rekebisha picha. Mbili, anaona lakini anafikiri kanuni nyingine, labda anaamini mfuko ukishushwa unapotea. Hapo rekebisha nivo za mbele, zile za kufundisha. Tatu, anaona kila kitu, kanuni anazijua, na anatafuta wazo. Huyo muache! Huyo njo yuko anacheza fumbo yako. Kosa lenye naona sana ni mtu anaona mchezaji wa namna ya tatu amekaa kimya, anaogopa, anaenda kurahisisha nivo, na hapo ametoa kitu kizuri kabisa chenye alikuwa nacho.

Basi testi inafanywa aje? Nampa mtu telefone tu?

Unampa telefone na unanyamaza. Kunyamaza njo kazi, na inauma. Utaona kidole cha mtu kiko karibu kabisa na jibu, na mdomo wako utataka kufunguka. Funga. Ukisema hata "angalia vizuri hapo juu" testi imekwisha, juu mchezaji kule Kinshasa ao Brazil hatakuwa na wewe pembeni.

Kabla ya kuanza mwambie maneno haya na usiongeze: tuko tunatesti gemu, hatukutesti wewe, ukikwama ni gemu iko na shida, na ukiweza ongea kwa sauti yenye uko unafikiria. Alafu kaa nyuma yake kidogo, siyo mbele ya uso, na kaye mkononi. Andika vitu vyenye anafanya: alikwenda wapi kwanza, alirudia nini, alisimama wapi, alicheka wapi, wapi aliangalia saa. Maoni yake yataandikwa mwisho.

Na hapa kuko jambo la kwetu lenye video za Wazungu za kufundisha haziongeleake. Watu wetu wana heshima. Ukiwa yaya ya mtu, ao ni gemu ya mtoto wa jirani, atakuambia "iko bien, iko bien sana" na uso wake umechoka. Haiko uongo mbaya, ni adabu, mtu hawezi kumvunja mwenzake moyo mbele ya wengine. Kwa hiyo usiulize "umeipenda?" Uliza "pale ulisimama, ulikuwa unafikiria nini?" ama "hiki kitu unadhani kinafanya kazi gani?" Majibu ya hayo hayana adabu ya kuficha. Na kama mnaweza, mwenye alichora nivo asikae pale, aende mwenzake mwenye mchezaji hamjui.

Nikupe mfano mmoja. Tulikuwa tunatesti ile nivo ya depo ku bandari, watu wako wanangoja boti ya Bukavu. Motari mmoja kijana akashika telefone. Akateleza, akapita depo. Akarudi, akapita tena. Alafu akatoa kidole gumba ku chukudu, akakiweka ku ile karye ya sita, akakiacha pale amekigandamiza ku ekra, akasema pole pole, "hapa pangekuwa na jiwe." Hakutuangalia. Sisi hatukusema kitu. Aliendelea kuangalia kile kidole chake, alafu akaangalia mfuko, akapiga kelele mpaka mama mwenye alikuwa anauza samaki pembeni akageuka. Pale tulijua nivo haiguswi hata jiwe moja, juu mtu alifika mwenyewe kuuliza swali lenye tulitaka aulize.

Hata kampuni kubwa zinafanya hivi. Gemu Portal ya mwaka 2007, kuko nivo ndefu yenye unabeba sanduku moja tangu mwanzo mpaka mwisho, na watu wa testi walikuwa wanaliacha nyuma. Wakalichora moyo, wakaweka sauti yenye inakuambia ulitunze, na watu wakaanza kulibeba. Wangeandika "usiache sanduku" isingekuwa vile.

Niite watu wangapi?

Jakob Nielsen, mtu wa mambo ya kutesti programu, aliandika mwaka 2000 kama watu 5 wanatosha kukuonyesha shida nyingi. Mu mafumbo mimi nasema watano kwa kila duru, alafu rekebisha, alafu wengine watano. Muhimu ni wawe wapya, sababu mtu akishaona jibu hawezi kukutestia tena nivo hiyo. Kwa hiyo usiite marafiki wote siku ya kwanza, utawamaliza, na ile siku gemu imekuwa nzuri hautakuwa na mtu wa kuionyesha.

Nitawapata wapi?

Pale watu wanangoja: bandari, saloni, kwa wenye kusharji telefone, chini ya baraza mvua ikinyesha, chuo kabla ya profesa kufika. Omba kwa adabu, sema itachukua muda gani, na ukiweza mpe inite kidogo ao soda. Usichukue video ya uso wa mtu bila kumuuliza.

Na tafuta wenye hawachezake gemu. Vijana wa pleisteshoni wamezoea kila kitu, mama wa soko atakuonyesha butoni yako haionekani kwa dakika moja.

Mtu amepata jibu lingine, lenye sikufikiria. Nizibe hiyo njia?

Kwanza mpongeze, alafu andika njia yake yote kabla hamjaisahau. Baadaye jiulize: hii njia inaruka ile "kumbe" ya nivo? Kama inairuka na ni fupi zaidi, wengi watapita hapo na hawatajifunza kitu, na nivo ya mbele itawapiga. Sogeza jiwe moja, ao punguza ukubwa wa nivo (karye ya bure yenye haina kazi njo mara mingi inafungua njia za pembeni). Lakini kama njia yake inatumia wazo zuri kuliko lako, achana na lako. Tulishafanya nivo mbili zilizotoka kichwani mwa watu wa testi, na ziko kati ya zile nzuri kabisa.

Chunga kitu kimoja: ukisogeza jiwe, cheza nivo tangu mwanzo mpaka mwisho tena, kila mara. Watu wa Croteam walipotengeneza The Talos Principle, yenye ilitoka 2014, walikuwa na mchezaji wa mashini mwenye anarudia mafumbo peke yake ili kuona kama bado zinafunguka baada ya mabadiliko. Wewe hauko na hiyo, uko na vidole, vitumie.

Watu wanapita kwa kubahatisha tu, wanagusa gusa mpaka inafunguka.

Hesabu njia. Kama kila hatua kuko njia mbili tu na hatua ni nne, mtu anaweza kujaribu zote bila kuwaza. Haina maana uongeze karye mia, ongeza pahali pa kufanya uamuzi wenye una matokeo mbali.

Mfano wenye naupenda kupita yote ni Return of the Obra Dinn, Lucas Pope, 2018. Kuko watu 60 wa meli na lazima ujue kila mmoja ni nani na alipatwa na nini. Ingekuambia kila jibu moja moja "ndiyo, hapana", ungebahatisha. Basi inakungoja mpaka uwe na tatu za sawa, njo inakubali zote tatu pamoja. Uamuzi mdogo vile, na kubahatisha karibu kote kumekufa.

Niweke msaada kwa mwenye amekwama?

Kwanza weka butoni ya kurudi nyuma hatua moja, bila mwisho, bila adhabu. Hiyo si msaada, hiyo ni haki ya mchezaji. Mtu akiogopa kukosea hatajaribu, na mwenye hajaribu hawezi kugundua kitu. Braid ya Jonathan Blow mwaka 2008 ilijenga gemu nzima juu ya kurudisha muda nyuma.

Ya pili, fungua nivo tatu ao nne kwa pamoja ili mwenye amekwama moja aende nyingine. Mara mingi anarudi kesho na anaona jibu kabla hata ya kugusa ekra. Ukifanya hizo mbili vizuri, maombi ya msaada yanapungua sana.

Rangi?

Usiweke fumbo ku rangi peke yake. Ku Wazungu karibu mwanaume 1 kwa 12 hatofautishi nyekundu na kijani vizuri, na kwetu pia wako, wengi hawajijui. Weka na umbo: mduara, pembe tatu. Tena testi nje, saa sita, jua la Goma juu ya telefone ya bei ya chini yenye kioo kimepasuka. Kama hapo depo yako inaonekana, itaonekana kila pahali.

Naweza kuweka vitu vya kwetu, ao watu wa nje hawataelewa?

Weka, weka sana. Mtu wa Finland hajawahi kuona chukudu, lakini akiiona inateleza mara moja ameelewa, hahitaji kujua historia. Chenye hautakiwi kufanya ni kudai mtu ajue kitu chenye hakiko ndani ya gemu, mfano jibu liwe jina la kartie, mtaa wa hapa.

Mawe yetu ni meusi, ya volkano, sawa yale ya kuta za nyumba zetu. Lakini walinishauri niweke lava yenye inatiririka na kumfukuza mchezaji, nikakataa. Nyiragongo ilishuka mpaka ndani ya mji Januari 2002, ikarudi Mei 2021, na wenye walipoteza nyumba na watu wako wanacheza gemu hii pamoja na sisi. Jiwe, ndiyo, tunajenga nalo. Moto wenyewe siufanyi mchezo wa pointi.

Nikimaliza nauzia wapi?

Itch.io ni bure kuweka, na wewe njo unachagua asilimia yenye unawaachia, hata sifuri. Steam inaomba dola 100 kwa kila gemu, wanazirudisha gemu ikifikisha mauzo ya dola 1000. Anza na ile ya bure, upate watu wa testi wa mbali, na usilipe hizo dola 100 mpaka watu wenye haukujuane nao wameanza kukuuliza nivo mpya ziko wapi.

Naweza kukutumia gemu yangu uitesti?

Ndiyo, karibu. Nitumie nivo moja, ile yenye unaipenda zaidi, na zile za kuifundisha kama ziko. Usiniandikie jibu, usinielezee kanuni, usiniambie ulitaka nini. Nitarekodi ekra na sauti yangu nikicheza, na nitakutumia video yote bila kukata. Ukiiangalia, shika kaye.